Vijana Wetu Wasio na Makaburi: Ukumbusho wa Askari wa Arua na Koboko Waliopotea Vitani

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ni desturi njema ya kitabu cha ukumbusho kuwataja waliojenga misikiti, walimu waliofundisha watoto, na wazee walioongoza watu. Lakini wako wengine ambao hawakupata umri wa kujenga wala wa kufundisha. Waliondoka vijana, wakabaki vijana katika fikira za waliowajua. Haki yao juu yetu si ndogo kuliko haki ya wazee, na tena imecheleweshwa sana.

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Arua na Koboko liko jina moja ambalo wakubwa hulitaja wakati wa khitima, na watoto husikia bila kujua ni la nani. Huenda ni la ami, huenda ni la mjomba, au ni la ndugu mdogo wa babu. Alitoka nyumbani akiwa na miaka kumi na minane au ishirini, akavaa nguo za Keya, kisha hakurudi. Hana kaburi hapa petu, na wengine katika wao hawana kaburi popote duniani. Makala haya yataeleza walikuwa watu gani, walikwenda wapi, walipoteaje, na kitu gani kinatupasa sisi tuliobaki.

ASILI YA UASKARI KATIKA NCHI YETU

Ili tufahamu kwa nini kijana wa Koboko alikwenda kufa katika bahari ya Hindi au katika misitu ya Burma, hatuna budi kurudi nyuma hata zama za Misri. Khedive Ismail, aliyetawala Misri tangu mwaka wa 1863 hata 1879, alitaka kuimiliki Nile yote mpaka kwenye chemchemi zake. Mwaka wa 1871 mjumbe wake, Samuel Baker, aliitwaa Gondokoro kwa jina la Misri, akaiita Ismailia kwa heshima ya bwana wake. Jimbo lililozaliwa likaitwa Ekwatoria, na mwaka wa 1878 akawekwa Emin Pasha kuwa liwali wake.

Askari wa jimbo lile walitoka katika makabila mengi ya Sudani na ya nchi hizi za Nile ya juu. Waliunganishwa na mambo matatu: bunduki, dini ya Kiislamu, na lugha ya Kiarabu cha kambini, ambayo ndiyo Kinubi chetu. Vita vya Mahdi vilipoikata njia ya kaskazini, na Khartoum ilipoanguka Januari 1885, Emin Pasha alihamisha makao yake hata Wadelai, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, katika nchi hii hii ya West Nile. Mwaka wa 1889 Emin akaondoka pamoja na Stanley kwenda pwani, na askari wengi wakaachwa nyuma. Kundi moja kubwa, chini ya Selim Bey, lilikaa Kavalli karibu na ziwa Albert. Hapo ndipo Lugard alipowakuta mwaka wa 1891, akawaandika katika utumishi wa Waingereza, wao pamoja na wake zao na watoto wao.

Kutoka kwao lilitokea jeshi la Uganda Rifles, na tarehe 1 Januari 1902 jeshi hilo likaingizwa katika King's African Rifles. Watu wetu hawakulihangaikia jina refu hilo. Wakaliita Keya, nalo likabaki hivyo.

Nchi yenyewe ya West Nile ilipita mikononi mwa wengi. Tangu 1894 ilikuwa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokufa Desemba 1909, Lado ikarudi Sudani mwaka wa 1910, na mwaka wa 1914 sehemu ya kusini ikatiwa katika Uganda. Mwaka ule ule boma la Arua likaanzishwa, na Weatherhead akawa Diisii wa kwanza. Walipokuja Waingereza, walikuja pamoja na askari wa Kinubi, na nyumba za Waislamu zikajengwa karibu na boma. Hivyo tangu mwanzo wa mji wetu uaskari na Uislamu walikuwa majirani. Baba alikuwa Keya, na mtoto alikua akisikia tarumbeta. Wengine waliandikwa kwa kupenda, wengine kwa kutafuta mshahara, kwa kuwa katika wilaya iliyo mbali na pamba na kahawa hapakuwa na njia nyingi za kupata fedha ya kodi na ya mahari. Kwa hiyo vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939, na Serikali ikatafuta vijana, West Nile ilijibu kama ilivyozoea kujibu. Katika Uganda nzima waliotumikia walikuwa yapata 77,000.

MELI ILIYOCHUKUA JINA LA KHEDIVE

Mwaka wa 1943 Waingereza waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, wakaipeleka Seilani, ambayo leo ni Sri Lanka, ijitayarishe kupigana na Wajapani. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Ndani yake zilikuwamo batalioni tatu za Uganda: Keya ya 4, ya 34 na ya 44. Askari walipelekwa kwa meli kutoka Mombasa. Kwa vijana waliozaliwa mbali na pwani kuliko karibu watu wote wa Uganda, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa imejengwa mwaka wa 1922, na tangu 1935 ilikuwa mali ya kampuni ya Misri iliyoipa jina hilo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511: mabaharia, wauguzi wa kike, na zaidi ya wote wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki, yapata watu elfu moja.

Siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari, mwezi wa Safar mwaka wa 1363 wa Hijra, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Baada ya adhuhuri manowari ya Kijapani ipitayo chini ya maji, namba I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ikazama kwa muda wa dakika mbili au tatu hivi. Mtu aliyekuwa chini katika vyumba vya askari hakuwa na nafasi ya kupanda ngazi. Kisha likaja jambo zito zaidi. Manowari ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakiogelea waliookoka, na manowari za Kiingereza, Paladin na Petard, zililazimika kuchagua kati ya kuwaokoa hao na kuzilinda meli nne zilizobaki. Zikatupa mabomu ya baharini. I-27 ikainuka juu ya maji, na baada ya mapigano marefu ikazamishwa. Katika watu 1,511, waliokufa walikuwa 1,297, na waliookoka 214 tu.

Msomaji apime jambo hili. Ismail ndiye aliyetuma bendera ya Misri juu ya Nile, na bendera ile ndiyo iliyowakusanya askari ambao kwao walitoka wazee wetu wa Kinubi. Baada ya miaka sabini na zaidi, askari weusi wa Afrika ya Mashariki walizama katika meli yenye jina lake. Khedive alitoa amri na askari akaenda. Jina la aliyeamuru likaandikwa ubavuni mwa meli, na jina la aliyekwenda likabaki kwa mama yake.

BONDE LA KABAW

Wenzao waliofika salama walikaa Seilani wakizoezwa, hata Agosti 1944 wakaingizwa Burma. Kazi yao ilikuwa kuwafuata Wajapani waliorudi nyuma kutoka Imphal, kwa njia ya bonde la Kabaw. Ilikuwa kati ya masika. Bonde lile lilijulikana kwa malaria na homa ya kupe wadogo, hata likaitwa bonde la mauti. Magari yalikwama, nyumbu wakazama topeni, na askari walitengeneza barabara kwa magogo huku wakipigana.

Mwezi wa Ramadhani mwaka wa 1363 uliangukia Agosti na Septemba 1944. Yaani Waislamu wa Keya waliuona mwezi ule, kama mawingu yalifunguka, wakiwa katika mvua ya Burma, na Idi ikawakuta katika mahandaki. Sheria inampa ruhusa msafiri na mpiganaji kufungua na kulipa baadaye. Lakini wako walioifungua saumu kwa nia ya kuilipa nyumbani, na nyumbani hawakufika.

Tarehe 2 Desemba 1944 divisheni ile iliitwaa Kalewa, kwenye mto Chindwin. Siku chache baadaye, tarehe 10, daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154 lilikamilika juu ya mto huo, na jeshi kubwa la Jenerali Slim likavuka kwenda kuikomboa Burma ya kati. Hivyo njia waliyopita wengine kwa ushindi ilifunguliwa na watu wa Afrika ya Mashariki, nao walikuwamo vijana wa Arua na Koboko.

WENZETU WA ANGANI

Katika bonde lile askari wetu walikula kwa ndege. Barabara zilipokufa kwa mvua, chakula, risasi na dawa vilitupwa kutoka angani kwa miavuli. Askari wa chini alijua ya kwamba maisha yake yamo mikononi mwa kijana mwingine aliye juu, asiyemwona uso. Kwa hiyo si vibaya, tunapowakumbuka wetu, kuwatazama pia vijana wa ndege, hasa wale wa ndege za mabomu huko Ulaya, kwa sababu msiba wa jamaa zao unafanana na wetu.

Katika jeshi la ndege za mabomu la Waingereza walirushwa angani yapata vijana 125,000, na waliokufa walikuwa 55,573. Wote walikuwa wamejitolea wenyewe kurushwa. Ndege moja kubwa ilichukua watu saba, na ilipoanguka usiku, mara nyingi wote saba walikufa pamoja. Asubuhi jamaa walipata simu ya maneno machache: kijana wenu hakurudi. Hawakuambiwa amekufa, wala hawakuambiwa yu hai. Wengine walingoja hata vita vikaisha.

Wala si wazungu tu. Vijana wa visiwa vya Karibi na wa Afrika ya Magharibi walirushwa pamoja nao. Mmoja alikuwa John Smythe wa Freetown, Sierra Leone, mwelekezaji wa njia katika ndege ya mabomu. Ndege yake ilitunguliwa juu ya Ujerumani Novemba 1943, naye akashikwa mateka hata mwisho wa vita. Yeye alirudi kwao. Wengi hawakurudi.

Kwa wale wasio na kaburi ulijengwa ukumbusho Runnymede, karibu na London, ukafunguliwa mwaka wa 1953, na kutani mwake yameandikwa majina zaidi ya 20,000. Mama aliyepoteza mtoto angani aliweza kwenda pale, akatafuta ukuta, akaweka kidole juu ya jina. Hakupata mwili, lakini alipata mahali pa kusimama. Hapo ndipo msiba wa kule na msiba wa hapa unapotengana. Mama wa Koboko hakupata mwili, wala hakupewa mahali pa kusimama.

HUKUMU YA ALIYEPOTEA

Neno "amepotea" ni zito katika kila lugha, lakini katika nyumba ya Kiislamu lina uzito wa namna yake, kwa maana linasimamisha hukumu nyingi. Mali ya aliyepotea haigawiwi mpaka kufa kwake kuthibitike au kadhi ahukumu. Mke wake si mjane, wala hana mume wa kumtunza. Akae eda ya nani?

Wanachuoni wetu walilishughulikia jambo hili tangu zamani. Imamu Malik alifuata hukumu inayosimuliwa kutoka kwa Khalifa Umar, ya kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru kuolewa. Imamu Shafii, katika kauli yake ya baadaye, alisema mke avumilie mpaka yapatikane yakini ya mauti au ya talaka. Wazee wetu waliotoka Sudani walikuja na madhehebu ya Malik, na walimu waliotoka pwani walikuja na madhehebu ya Shafii. Basi mke wa askari aliyepotea aliweza kuzisikia kauli mbili katika mji mmoja, na kila moja ina dalili yake. Tusifikiri kwamba hayo yalikuwa maneno ya vitabuni tu. Yalikuwa maisha ya mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, anayeuliza kila mwezi kama kuna barua.

Vivyo hivyo katika sala. Imesihi ya kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliposikia kufa kwa Najashi wa Uhabeshi, alitoka na sahaba zake Madina akamsalia kwa takbira nne, na maiti yuko ng'ambo ya bahari. Kwa dalili hiyo Imamu Shafii na Imamu Ahmad waliruhusu kumsalia maiti aliye mbali. Imamu Malik na Imamu Abu Hanifa waliona jambo lile lilikuwa la Mtume peke yake. Lakini hakuna aliyehitilafu katika dua, wala katika sadaka, wala katika kulipa deni la maiti. Na imepokewa pia kwamba aliyekufa kwa kuzama majini huhesabiwa katika mashahidi wa Akhera. Mzazi wa kijana aliyekuwa katika Khedive Ismail anayo faraja hiyo, nayo ni kubwa kuliko ukuta wowote wa mawe.

MAJINA NA NAMBA

Sasa tuseme juu ya majina. Mwaka wa 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina, bila tofauti ya cheo, rangi wala dini. Ni kanuni nzuri. Lakini katika vita vya kwanza, vya 1914 hata 1918, haikufuatwa katika nchi zetu. Miaka ya 1920 zilisimamishwa sanamu za askari na wapagazi huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, nzuri kutazama, lakini hazina jina hata moja la aliyekufa.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake. Ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile vya kwanza, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi katika Bunge lake. Radhi imekuja baada ya miaka mia moja, lakini afadhali kuja kuliko kutokuja.

Katika vita vya pili mambo yalikuwa bora. Waliozama katika Khedive Ismail wametajwa katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, njia ya Ngong. Waliopotea Burma wametajwa katika ukumbusho wa Taukkyan, kaskazini ya Rangoon, wenye majina karibu 27,000, na majina ya Keya yamo. Daftari la Tume sasa laweza kutazamwa na mtu yeyote katika intaneti bila malipo. Hata simu ya mkononi iliyoko Arua au Koboko yaweza kulifungua.

Lakini mtu akilitazama daftari lile ataona tofauti. Kijana wa ndege za mabomu mara nyingi ana jina kamili, umri, majina ya baba na mama, na mji alikotoka. Askari wa Keya mara nyingi ana namba, cheo, jina moja au mawili, na tarehe. Tena majina yaliandikwa na makarani kwa masikio yao, na mtu aliyeitwa Ramadhani, Juma au Abdalla hujulikanaje katika Ramadhani na Juma wengi walioandikwa pamoja naye? Namba inatosha kwa mshahara. Haitoshi kwa ukoo.

Na sisi wenyewe tulipoteza mengi. Baada ya Serikali ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani kwa maelfu mengi. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto na chungu, habebi sanduku la makaratasi. Nyumba zilipochomwa, viliungua vyeti vya jeshi, barua, na picha za vijana waliovaa kofia za Keya. Nishani nazo, zilizookolewa, kwa kawaida hazikuandikwa jina la mwenyewe. Nyota ya Burma iliyofungwa katika kitambaa haisemi ilikuwa ya nani, asipokuwapo mzee wa kusema.

LINALOTUPASA

Basi lipo jambo moja ambalo waandishi wa Nairobi na London hawawezi kutufanyia, hata wakitaka. Wao wana namba na tarehe. Sisi tuna nasaba. Wao wanajua meli ilizama saa ngapi. Sisi tunajua kijana alikuwa mtoto wa nani, alisoma Kurani kwa mwalimu gani, alimchumbia binti wa nyumba ipi. Hizo mbili zikikutana, aliyepotea atakuwa mtu tena. Zisipokutana, kila upande utabaki na nusu.

Wazee walioiona vita ile kwa macho wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki ni watoto wao na wajukuu wao waliosikia habari zile mekoni na uani, hasa akina mama, maana wao ndio waliolia na ndio waliohifadhi. Nao pia wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo inafaa kila nyumba ifanye mambo haya, wala si magumu.

Kwanza, litwaliwe daftari moja, na ndani yake liandikwe jina la kila aliyekwenda asirudi: jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha jina la mama yake na ukoo wake. Aandikwe hata aliyejulikana kwa jina la utani tu, kwa kuwa jina la utani mara nyingine ndilo alilompa karani.

Pili, yaandikwe yanayokumbukwa juu ya safari yake: mwaka gani aliondoka, na nani aliyeandikwa pamoja naye, barua ya mwisho ilitoka wapi, na habari ya kupotea ilifika kwa njia gani. Pasiongezwe neno la kupamba. Ikiwa watu wawili wanahitilafiana, ziandikwe kauli zote mbili pamoja na majina ya waliosema, kama wanachuoni wetu wanavyofanya katika riwaya.

Tatu, vijana waliosoma watazame daftari la Tume, wakilinganisha namba, batalioni na tarehe. Kosa likionekana, Tume inapokea masahihisho. Hapo mjukuu wa leo anaweza kumrudishia babu yake jina ambalo karani alilikata.

Nne, itazamwe kama kuna deni au haki ya mtu iliyosimama tangu wakati ule. Kiwanja kisichogawiwa, mahari iliyobaki, amana aliyoiacha kijana kwa rafiki, yote hayo ni mambo ambayo mauti hayafuti. Aheri yamalizwe na sisi tunaojua, kabla hayajawa ugomvi wa wasiojua.

Tano, nakala moja ikae msikitini, na nyingine iwekwe mbali na hapo. Mwaka wa 1980 umetufundisha kwamba karatasi iliyo mahali pamoja ni kama haipo.

Huenda mtu akauliza: vita vile vilikuwa vya wafalme wa mbali, vina faida gani kwetu? Swali hili ni la haki. Vijana wale hawakuulizwa kama vita vianze, wala hawakuulizwa vigawanye nini vilipokwisha. Lakini hatuwakumbuki kwa sababu ya mfalme. Tunawakumbuka kwa sababu ni watoto wetu. Maiti wa Kiislamu ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa, na haki hizo ziko juu ya jamaa yote mpaka wapatikane wa kuzitimiza. Hao bahari iliwaosha, na udongo wa ugenini ukawafunika. Haki iliyobaki mikononi mwetu ni dua, na jina.

Leo Arua imekuwa jiji tangu mwaka wa 2020, na Koboko ni wilaya tangu 2005, imekaa mahali Uganda, Kongo na Sudani ya Kusini zinapokutana. Watoto wetu wanasoma shule ambazo vijana wale hawakuziona. Si vigumu kwao kuandika kurasa chache. Katika ukurasa ule kijana wa miaka ishirini, aliyezama mwezi wa Safar au aliyelala chini ya mianzi ya Kabaw, atapata mahali ambapo jamaa zake wanaweza kusimama na kusema: huyu ni wetu.

Ewe Mola, wasamehe waliotangulia katika vijana wetu, waliozama na waliozikwa ugenini, wanaojulikana kwetu na wasiojulikana ila kwako Wewe. Wape subira waliowangoja, na utukutanishe nao katika rehema Yako. Amin.